Usiku Ule Ulikuwa wa Siku Gani?

Habari tutakayoieleza ilianzia hapa kwetu Ndalambo, katika daftari la kanisa, na kosa lake lilikuwa letu sisi tulioshika kalamu.

Mzee mmoja alikuja kuandikisha kifo cha mama yake. Tukamwuliza, "Baba, mama alitutoka lini?" Akajibu, "Usiku wa Jumapili, Mwalimu, yapata saa tatu." Tukaitazama kalenda, tukaandika tarehe ya Jumapili, tukafunga daftari. Haukupita mwezi, akaja ndugu yake mdogo, ambaye makazi yake ni Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaomba kusomewa yaliyoandikwa. Aliposikia, uso wake ulibadilika. Mama alikata roho mikononi mwake Jumamosi, baada ya chakula cha jioni. Jumapili yeye alivuka mpaka kwenda kuwaleta mke na watoto wake kwa maziko, akalala huko. Basi kwa maandishi yetu alionekana kuwa ni mtoto aliyemwacha mama yake akifa, akaenda zake. Na maneno hayo, kumbe, yalikuwa yamekwisha kusemwa kijijini. Akamwendea mkubwa wake akamwambia, "Kaka, kwa nini umeniondoa kitandani pa mama?" Kaka akaapa kwamba hakutamka neno ila la kweli. Hata siku ya kumaliza matanga, ndugu wale hawakula katika chombo kimoja.

Tulipowaita wote wawili tukawauliza polepole, tuliona kwamba hakuna aliyesema uongo. Yule mkubwa alikaa Tanga miaka mingi ya ujana wake, na huko alijifunza kuhesabu kama watu wa pwani, ambao kwao usiku hutangulia mchana. Jua likichwa Jumamosi, Jumamosi imekwisha. Usiku unaoingia ni wa Jumapili. Mdogo wake alihesabu kama tufundishavyo shuleni, kwamba siku haigeuki mpaka usiku wa manane. Walikuwa wakitaja usiku mmoja kwa majina mawili, nasi tuliandika jina la mmoja kwa hesabu ya mwingine.

Jambo hili lilitusukuma kutafuta vitabuni, nasi tukaona kwamba si ndugu wa Ndalambo tu waliopotezana hivi.

Desturi ya pwani ina asili ya kale sana. Waarabu huhesabu hivyo, kwa kuwa mwezi wao huanza kwa mwandamo, nao mwezi mwandamo huonekana jua likichwa. Wayahudi nao ni vivyo hivyo. Asomaye sura ya kwanza ya Mwanzo ataona kwamba jioni hutajwa kabla ya asubuhi. Na kwa sababu hiyo wale waliomshusha Bwana wetu msalabani walifanya haraka, maana Sabato ilikuwa inaingia na machweo, wala si na alfajiri. Hata saa zetu za Kiswahili zafuata njia hiyo. Saa ya kwanza ya usiku huhesabiwa tangu machweo, hivi kwamba siku na saa huanza pamoja. Lakini kalenda tunayoitundika ukutani ni ya Ulaya, nayo hugeuza siku saa sita ya usiku. Twatumia saa ya nyumba moja na kalenda ya nyumba nyingine, kisha twastaajabu zikigombana.

Na majina ya siku za juma je? Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, siku ya sala ya Waislamu, na kutoka hapo watu wa pwani wakaendelea: pili, tatu, nne, tano. Baada ya Jumatano wakaliacha hesabu yao, wakachukua neno la Waarabu, Alhamisi, ambalo maana yake ni ya tano vilevile, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu kwa Jumapili. Basi katika juma letu mna siku mbili za tano zinazofuatana, wala hatuna ya sita. Nasi Wakristo tunaposoma kwamba Bwana alifufuka siku ya kwanza ya juma, siku hiyo twaiita ya pili! Watoto wa shule huuliza neno hili kila mwaka, na ni haki yao kuuliza.

Tena kuna ugumu mwingine, nao ni huu: je, siku ya kuanzia nayo huhesabiwa? Watu wa kale waliihesabu. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, ndizo siku tatu za kaburini, ingawa saa zake hazitimizi siku mbili kamili. Yohana asemapo kwamba baada ya siku nane wanafunzi walikuwamo ndani tena, maana yake ni Jumapili iliyofuata, na hata leo Wajerumani husema siku nane kwa juma moja. Warumi walipotea vibaya kwa sababu hii. Julius Kaisari alipotengeneza kalenda yake, iliyoanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo, aliamuru siku moja iongezwe kila mwaka wa nne. Akauawa mwaka uliofuata. Makuhani waliobaki na kalenda walihesabu na mwaka wa kuanzia pia, wakaiongeza siku hiyo kila baada ya miaka mitatu. Miaka 36 ikapita hivyo kabla kosa halijatambuliwa, na Kaisari Augusto akawa hana budi kuzuia nyongeza kwa miaka kadhaa ili hesabu irudi mahali pake.

Sasa tuje karibu na kwetu. Kila msomaji wa gazeti hili anajua habari za Daktari David Livingstone, aliyefariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, akipigiwa magoti kitanda chake. Lakini alifariki lini? Ukiingia katika kanisa kuu la Westminster, London, alikozikwa tarehe 18 Aprili 1874, jiwe la kaburi lasema tarehe 1 Mei 1873. Bali gome la mti mkubwa wa Chitambo, ambao chini yake moyo wake ulizikwa, lilichongwa tarehe 4 Mei 1873.

Aliyechonga ni Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa katika shule ya misioni huko Nasik, bara Hindi. Ndiye aliyesoma sala za maziko siku ile, kwa maana alikuwa na elimu ya kitabu, na alikuwa akiandika habari za safari kwa mkono wake mwenyewe. Aliandika mtini jina la Livingstone, tarehe, na majina ya wenzake watatu. Kisha msafara ukaubeba mwili uliokaushwa kwa jua, ukapita upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika katika nchi ya Ufipa, jirani zetu, ukaenda Unyanyembe, ukafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Wainwright akaufuata mwili mpaka Uingereza, akawa miongoni mwa walioshika jeneza. Alifia Urambo mwaka 1892. Mti ule ulikatwa mwaka 1899, na kipande chenye maandishi yake kikapelekwa London kuhifadhiwa. Hivyo tarehe zote mbili, ile ya jiwe na ile ya mti, sasa zimo katika mji mmoja.

Tarehe ya jiwe nayo si ya kubuni. Abdullah Susi na James Chuma, waliomtumikia Livingstone miaka mingi, walifika Uingereza baada ya mazishi, wakaketi na Bwana Horace Waller, wakamsimulia yote siku kwa siku. Waller alikuwa na daftari la marehemu, ambalo neno lake la mwisho ni la tarehe 27 Aprili, Jumapili: kwamba amechoka kabisa, na kwamba wametumwa watu kununua mbuzi wa maziwa. Kutoka hapo Susi na Chuma walihesabu mbele. Tarehe 29 walimbeba mpaka kwa Chitambo. Tarehe 30 mwenye kijiji alikuja kumwamkia, akaombwa arudi kesho yake. Usiku huo, yapata saa tano, Livingstone alisikia kelele nje, akamwuliza Susi, tena kwa Kiswahili, ni siku ngapi kwenda Luapula. Susi akamjibu kwamba adhani ni siku tatu. Twaona ajabu kila tusomapo, ya kuwa mtu yule katika saa zake za mwisho alikuwa akiuliza hesabu ya siku. Baada ya muda wa saa moja hivi akamwita Susi tena, amsaidie kupata dawa katika sanduku lake, kisha akamruhusu aende. Saa kumi ya usiku yule kijana aliyelala karibu naye alikuja kumwamsha Susi kwa hofu. Walipoingia walimkuta amepiga magoti, na mwili umekwisha kupoa.

Angalieni jinsi tarehe ilivyoning'inia katika saa chache. Alikuwa hai karibu na usiku wa manane. Saa kumi alikuwa maiti. Kwa kalenda ya Ulaya, alifariki Alhamisi tarehe 1 Mei. Lakini mtu wa pwani angesema usiku wa Alhamisi, na Mwingereza katika mazungumzo yake ya kila siku angesema usiku wa Jumatano, na wote wawili wangekuwa wakitaja saa ile ile. Ni neno la ndugu wa Ndalambo.

Na kuna watu wa tatu, ambao wangeandika tarehe 30 Aprili, tena wangeandika kwa usahihi kabisa. Hao ni wenye elimu ya nyota.

Tangu zamani za Ptolemayo wa Iskanderia, wataalamu hao waliianza siku adhuhuri. Msomaji asicheke. Kazi yao ni ya usiku, nao hawakupenda usiku mmoja wa kazi ukatwe vipande viwili kwa tarehe mbili. Tena walitaka mwanzo unaoweza kupimwa. Machweo hayafai, kwa maana hubadilika kwa majira na kwa nchi. Hapa kwetu tofauti ni ndogo, lakini kule Scotland, alikozaliwa Livingstone, jua la mwezi wa Juni huchelewa kuchwa kupita saa tatu ya usiku, na la Desemba huchwa kabla ya saa kumi ya alasiri. Usiku wa manane nao haufai kwa mwenye kupima kwa jua, kwa kuwa halionekani. Bali adhuhuri kila mtu aweza kuiona: simika kijiti wima uwanjani, ungojee kivuli kiwe kifupi kuliko vyote. Basi hesabu yao ikawa saa 24 mfululizo tangu adhuhuri hata adhuhuri. Kwa hiyo saa kumi ya usiku ya tarehe 1 Mei 1873 kwao ilikuwa tarehe 30 Aprili, saa 16.

Livingstone mwenyewe aliifahamu hesabu hii. Alifundishwa kupima nyota na Bwana Thomas Maclear, mtaalamu wa nyota wa serikali huko Cape Town, na kitabu cha majira walichokitumia wapimaji wa namna yake, Nautical Almanac, kilihesabu siku tangu adhuhuri. Mtu mmoja aliyebeba kitabu hicho, pamoja na daftari lake la kawaida, alikuwa na tarehe mbili kila asubuhi.

Mabaharia walizidisha shida. Wao nao waliianza siku adhuhuri, lakini adhuhuri iliyotangulia! Jumanne ya merikebu ilianza Jumatatu mchana, na Jumanne ya mtaalamu wa nyota ilianza Jumanne mchana. Kwa hiyo Jumanne ya mmoja ilipokwisha ndipo ya mwenziwe ilipoanza, na mtu wa nchi kavu akawa na nusu katika kila moja. Wanamaji wa serikali ya Uingereza waliiacha desturi yao mwaka 1805. Wataalamu wa nyota walikawia zaidi. Mwaka 1884 wajumbe wa mataifa walikutana Washington, wakachagua mstari wa Greenwich kuwa mwanzo wa kupimia ulimwengu, wakatoa na matumaini kwamba siku za elimu ya nyota zitaanza usiku wa manane kama za watu wote. Simon Newcomb, mkuu wa ofisi ya kitabu cha majira ya Marekani, alikataa, akiona kwamba kuvunja mfululizo wa hesabu kutaleta machafuko. Shauri likalala miaka 40. Mwishowe likatimizwa tarehe 1 Januari 1925, na siku ya mwisho ya mwaka 1924 kwa hesabu yao ikawa ya nusu tu, kwa kuwa ilianza adhuhuri ikakatwa usiku wa manane.

Newcomb alikuwa amekwisha kufa, lakini machafuko aliyoyaogopa yalikuja. Maana Waingereza waligeuza hesabu bila kugeuza jina. Maneno "majira ya Greenwich" katika kitabu cha mwaka 1924 yalimaanisha saa tangu adhuhuri, na maneno yale yale katika kitabu cha 1925 yakamaanisha saa tangu usiku wa manane. Wamarekani waliliona hilo, wakatumia jina lao jingine. Mwaka 1928 chama cha wataalamu wa nyota cha mataifa yote kikashauri litumike jina jipya, Majira ya Ulimwengu, ambalo halikuwa na historia ya maana mbili. Hata leo mtu achukuaye maandishi ya nyota ya karne ya 19 sharti aulize kwanza siku ya mwandishi ilianza wapi, kama sivyo ataikosa nyota yake kwa nusu siku.

Kwa kuepuka matata hayo, wataalamu hutumia pia hesabu isiyo na miezi wala miaka. Joseph Scaliger, mtaalamu wa Kifaransa, alitoa mwaka 1583 kipindi kirefu cha miaka 7,980 kinachoanza tarehe 1 Januari mwaka 4713 kabla ya Kristo. Na mwaka 1849 John Herschel aliwafundisha wenzake kuhesabu siku tupu tangu mwanzo huo. Hesabu hii yaitwa ya Juliani, kwa sababu mwaka wake ni ule wa kalenda ya Kaisari. Jina hili nalo limekuwa mtego. Wako wasikiao "tarehe ya Juliani" wakadhani ni tarehe ya kalenda ya zamani, ile iliyofuatwa Uingereza mpaka 1752, walipolala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14. Na katika maofisi kadhaa ya siku hizi jina hilo hilo hupewa hesabu ya siku za mwaka, kutoka 1 hata 365. Vitu vitatu, jina moja. Na hesabu yenyewe ya siku tupu haikuguswa mwaka 1925. Hata leo hugeuka adhuhuri.

Tulijaribu kuihesabu sisi wenyewe kwa karatasi na penseli. Siku iliyoanza adhuhuri ya tarehe 1 Mei 1873 ni ya 2,405,280. Livingstone alifariki kabla ya hapo, katika siku ya 2,405,279. Adhuhuri ya tarehe ya mti, 4 Mei, ambayo ilikuwa Jumapili, ni mwanzo wa siku ya 2,405,283.

Basi jambo moja ni wazi. Machweo, usiku wa manane na adhuhuri vyaweza kuisogeza tarehe kwa siku moja. Haviwezi kuisogeza kwa tatu. Tofauti ya jiwe na mti yatoka penginepo, nako ni kupotea kwa hesabu njiani, jambo lililowapata wasafiri wote wa zamani zile. Livingstone alipokutana na Stanley huko Ujiji mwaka 1871, Stanley aliandika katika kitabu chake tarehe 10 Novemba, na daftari la Livingstone liliweka habari hiyo katika siku za mwisho za Oktoba. Wazungu wawili, wenye kalamu, walisimama mahali pamoja wakipeana mikono, na tarehe zao zilipishana kwa karibu majuma mawili. Homa huiba siku, nayo haitoi risiti.

Kwa hiyo hatuwaungi mkono wasemao kwamba Wainwright alikosea kwa kuwa jiwe la Westminster lasema vingine. Jiwe lile halina ushahidi wake lenyewe. Nyuma yake mna Susi na Chuma, na nyuma yao mna daftari la mtu aliyekwisha kupoteza hesabu mara moja. Twaona hesabu yao yafaa kushikwa, maana kutoka neno la mwisho la daftari hata usiku ule ni siku chache ambazo watu wawili waaminifu waliweza kuzikumbuka moja moja. Lakini aliyekuwa na kisu mkononi, mbele ya mti, wakati machozi hayajakauka, ni Jacob Wainwright, naye hakuandika kwa kubahatisha.

Yale ya Ndalambo tuliyatengeneza mbele ya ndugu wote wawili. Hatukufuta. Tuliandika kando ya mstari: Jumamosi, saa tatu ya usiku, usiku wa kuamkia Jumapili, tukaweka sahihi yetu, na kaka akaweka yake. Mdogo akaomba asomewe mara mbili. Kisha kaka akakumbuka msalaba wa saruji, ambao fundi alikuwa ameuandika kutoka katika daftari letu, nao umekauka na tarehe ya Jumapili. Alitaka kuuvunja. Mdogo wake akamwambia, "Uache, Kaka. Wewe ulimwita fundi, mimi nilimshika mama. Sasa twajua." Jioni ile walikula pamoja, na msalaba ungali na tarehe ile.